Mara ya Kumi na Nane

Foleni ilianzia mezani kwake, ikapita rafu za vitabu vya mapishi, ikatoka mlangoni mpaka kwenye mvua ya Leeds. Rowena Sugden hakuyaamini macho yake. Mwaka mzima alijifungia chumbani kwa shangazi yake akiandika *Kisima cha Mfalme Kipofu*, kitabu cha vifungu mia nne vyenye namba. Msomaji anarusha dadu, anachagua njia, anaambiwa aende kifungu namba fulani, na akichagua vibaya anakufa. Wenzake wa ofisi ya bima walimwuliza ataacha lini michezo ya kitoto. Leo, Jumamosi ya Oktoba mwaka 1985, watoto wa shule na baba zao walikuwa wanakanyagana wapate sahihi yake.

Alikuwa amevaa koti la kijani la mtumba na buti za zambarau. Mchapishaji alimwomba avae kitu cha heshima, ndiyo maana akavaa hivyo.

Mwanamume wa mwisho kwenye foleni hakuja na mtoto. Alikuwa na ovaroli ya kazi iliyolowa mabegani, na chini yake sweta la kufuma lenye mikono mirefu kupita kiasi, la aina ambayo mtu huvaa kwa sababu amefumiwa na mama yake.

"Jina?" Rowena aliuliza, kalamu mkononi.

"Idris Pugh. Ila sikufuata sahihi. Kitabu chako hakiishi."

"Hakiishi vipi?"

"Kifungu mia mbili themanini na saba kinanipeleka tisini na mbili. Tisini na mbili kinanirudisha mia mbili themanini na saba. Nimezunguka mara kumi na nane."

"Mara kumi na nane?"

"Ningejaribu ya kumi na tisa, ila nilichelewa kazini."

Rowena alicheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. "Wewe umeiba dadu. Nawajua. Mnajipa sita kila mkirusha, halafu mkipotea mnamlaumu mwandishi. Mimi sikosei namba, kaka."

"Mimi ni fundi wa lifti, dada. Nikianza kudanganya, kuna watu watalala ghorofa ya tisa."

Akatoa mkobani kipande kirefu cha karatasi ya ukutani na kukikunjua mezani. Nyuma yake alikuwa amechora kitabu kizima: kila kifungu kiduara, kila njia mstari, vifo vyote kwa wino mwekundu. Rowena naye alikuwa na ramani kama hiyo kwao, maana hakuna mtu anayeandika vitabu hivi bila ramani. Ila hii ilikuwa safi kuliko yake, na hilo lilimuuma.

"Niachie," alisema. "Nitaiangalia."

"Nikuachie, halafu nikupate wapi?"

Mwanaume mwenyewe alikuwa ameiva uso mpaka masikioni. Rowena alimtazama, akatazama saa, akafunga kalamu. "Kuna mkahawa sokoni. Utaninunulia chai na mkate wa zabibu kwa kunitukana mbele ya wateja."

Hivyo ndivyo walivyoanza, na nani atawalaumu? Kufika Krismasi simu ya ukumbini kwa Shangazi Mavis ilikuwa haina raha. Idris alipiga kutoka vibanda vya simu, mjini kote, kulingana na lifti iliyokufa siku hiyo.

"Haloo, mwizi wangu wa dadu."

"Haloo, mama usiyekosea. Umekula?"

"Nimeua watu wanne tangu asubuhi. Sijapata muda."

"Kula kwanza, mpenzi. Watakufa jioni."

Shangazi Mavis, aliyejifanya kufuta vumbi la ngazi ile ile kwa nusu saa, alisema huyu kijana wa Wales ana sauti ya mtu mwenye akiba. Rowena akamwambia hana akiba, ana subira, na kwamba yeye anaipenda subira hiyo kuliko fedha. Alilisema waziwazi vile, kisha akashangaa kwamba amelisema.

Jumapili Idris alisoma mswada wa kitabu cha pili akiwa amelala zuliani, vidole vitano vimeshika kurasa tano tofauti, ili akifa arudi nyuma.

"Toa vidole. Huo ni wizi."

"Huo ni uoga, mpenzi. Wizi ni kitu kingine."

"Mhusika wangu hana vidole vya kurudi nyuma. Akichagua, amechagua."

"Ndiyo maana wanakufa wote," alisema Idris, na Rowena akamkalia mgongoni mpaka akaomba msamaha.

Na ile ramani? Rowena aliikunja siku ile ile akaisukuma chini ya godoro. Hakuiangalia hata mara moja. Kila Idris alipoigusia, alimwita mwizi wa dadu, wakacheka, ikapita. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa Rowena: alikuwa tayari kupigana na dunia nzima kuliko kuhesabu upya.

Februari mchapishaji akamwita London. Bwana Strickett, mhariri wa Pellam na Wanawe, alikuwa na tai ya hariri na tabasamu la kumwonea mtu huruma. Alisema *Kisima* kinachapwa upya, habari njema sana, ila wasomaji wameleta malalamiko. Kuna njia imejifunga. Wamempata bwana mmoja wa chuo kikuu atakayekirekebisha, na jina lake litatangulia kwenye jalada.

"Litatangulia jina la nani?"

"Lako litakuwepo, bibie. Chini yake. Watoto wa kiume wanaamini zaidi mahesabu ya mwanaume, si kosa letu."

"Kama kuna kosa ni langu, na nitalitengeneza mimi."

"Ungekuwa na uwezo wa kuliona ungeliona mapema." Bwana Strickett alifungua faili na kugeuza karatasi upande wake. "Msomaji wa kawaida tu, tena fundi, ameliona."

Ilikuwa ramani nyingine kama ile ya chini ya godoro. Viduara vile vile, wino mwekundu ule ule, na zile tarakimu za saba zenye kistari katikati ambazo Rowena alikuwa akizitania kila Jumapili. Hakutazama tarehe iliyoandikwa pembeni. Alitazama saba tu.

Kisha akasimama. "Mkataba ni wa chapa moja. Ya pili inahitaji sahihi yangu, sivyo?"

"Ni jambo la kawaida tu, bibie."

"Basi hamtaipata. Si ya kitabu hiki, wala cha pili. Kalamu yako hii hapa." Akaiweka kwenye kikombe cha chai cha Bwana Strickett, nibu chini, akatoka na buti zake za zambarau zikigonga sakafu ya mbao mpaka barabarani.

Jioni hiyo simu ililia Leeds kabla hajavua koti.

"Haloo, mpenzi. London wamesemaje?"

"Wamesema asante kwa ramani yako."

Rowena alisikia magari yakipita nyuma ya kibanda cha Idris.

"Rowena, ile niliituma kabla sijakujua. Wiki moja kabla ya lile duka. Hawakunijibu, ndiyo maana nikaja kwenye foleni."

"Umekuwa na miezi minne ya kuniambia."

"Kila nikitaja kosa unaniita mwizi. Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo, Idris. Ule ule unaokula mkate wangu." Sauti ilimpasuka hapo, akajichukia. "Wamenipokonya kitabu kwa mkono wako. Usinipigie tena."

Akapiga mara sita. Shangazi Mavis alipokea zote sita, na mara ya sita akampa na taarifa ya hali ya hewa kwa kumwonea huruma. Shangazi huyo huyo alisema pia kwamba msichana mwenye akili angeweka ile sahihi. Kufika Machi Rowena alikuwa amehamia chumba cha juu kwenye Mtaa wa Alderson, namba thelathini na moja, yeye, koti, na kompyuta ya mtumba iliyounganishwa na televisheni. Hakumwachia Idris anwani.

Mpango wake ulikuwa rahisi na wa kichaa. Pellam hawakitaki kitabu chake kwa jina lake? Basi angekigeuza mchezo wa kompyuta yeye mwenyewe, peke yake, akidurufu chumbani kaseti, ambazo miaka ile ndizo zilizobeba michezo, na kuziuza kwa posta, na kwenye kila kaseti aandike ROWENA SUGDEN kwa herufi ambazo hata mfalme kipofu angeziona. Alijifunza lugha ya mashine kutoka kwenye magazeti. Alichapa vifungu vyote mia nne kwa vidole viwili, kimoja baada ya kingine, kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei. Bwana Strickett alimwandikia mara mbili kwamba anapoteza kipaji chake. Alizibandika barua zote mbili ukutani juu ya kompyuta, zimtie hasira akichoka.

Mashine haina mapenzi wala haina chuki. Hiyo ndiyo shida yake. Asubuhi ya kwanza alicheza mchezo wenyewe tangu mwanzo, akarusha dadu kwa haki, akachagua vizuri, akafika kisimani. Mia mbili themanini na saba. Akabonyeza. Tisini na mbili. Akabonyeza. Mia mbili themanini na saba.

Alikaa akiitazama skrini. Kisha akavuta ramani ya karatasi ya ukutani kutoka chini ya godoro la chumba kipya, maana alihama nayo bila kujiuliza kwa nini, akaifungua kwa mara ya kwanza. Hapo hapo kisimani, kwa mwandiko wa saba zenye kistari, Idris alikuwa ameandika: *Labda nimekosea mimi. Kitabu kizuri mno.*

Rowena alilia, na alilia vibaya, kwa kelele, mpaka mpangaji wa chini akagonga dari kwa ufagio. Alimkumbuka mtu yule. Alikumbuka sauti yake na sweta lake baya. Hakuwa ameibiwa chochote na Idris. Alikuwa ameambiwa ukweli siku ya kwanza, mbele ya rafu za mapishi, akaufungia chini ya godoro.

Kumpigia simu hakuweza. Kiburi kilikuwa bado kimemkaa kooni, na wewe uliyewahi kupenda unajua kinavyokaa. Ila kuandika kifungu aliweza. Kwenye kaseti za kuuza alilitengeneza kosa kwa dakika kumi. Kwenye kaseti moja tu aliliacha. Atakayefika kisimani atazunguka, tisini na mbili, mia mbili themanini na saba, bila mwisho, mpaka mara ya kumi na nane. Hapo mlango unafunguka, na nyuma ya mlango kuna swali. Mtu yeyote wa kawaida angezima mashine mara ya nne. Rowena aliyaweka rehani maisha yake kwa mtu asiye wa kawaida.

Akaituma kwenye karakana ya lifti alikofanya kazi Idris siku ya Jumatatu, bila barua, bila anwani ya mtumaji.

Jumanne hakuja mtu. Jumatano hakuja mtu. Alhamisi alijiambia ameacha mara ya nne. Ijumaa alijiambia kaseti imeharibika. Jumamosi alijiambia hajali, akavaa gauni jekundu la mabega mapana na buti zake za zambarau, akakaa dirishani kuanzia kiamsha kinywa.

Saa sita mchana alisikia hodi. Haikuwa mlangoni kwake. Ilitoka chini ya mtaa, kisha ikasogea mlango mmoja, kisha mwingine. Alinyoosha shingo dirishani. Idris Pugh alikuwa anapanda Mtaa wa Alderson mlango kwa mlango, na sweta lake, na karatasi mkononi, akiandika kitu kila alipotoka kwenye ngazi.

Alipofika thelathini na moja, Rowena alikuwa ameshafungua.

"Mara kumi na nane," alisema Idris, akihema.

"Nilijua ungezunguka."

"Ya kumi na saba nilitaka kuitupa dirishani." Akamwonyesha karatasi. Ilikuwa ramani ya mtaa: milango kama viduara, mistari, alama nyekundu. "Halafu mlango ukafunguka. *Ukikubali kunioa, nenda Mtaa wa Alderson namba kumi na tatu. Ukikataa, rudi tisini na mbili.*"

"Thelathini na moja," alisema Rowena.

"Kumi na tatu. Nimemwambia bibi wa pale kwamba nakubali. Amenikaribisha biskuti, akasema lazima amwulize mumewe kwanza."

Rowena alishika kizingiti cha mlango. "Mimi sikosei na—"

Akaishia hapo. Alitazama ile karatasi, milango tisa iliyokatwa kwa wino mwekundu na wa kumi ambao bado ulikuwa mweupe. Mwanaume huyu hakurudi tisini na mbili.

"Nimekosea," alisema. Ni neno ambalo Bwana Strickett hakuwahi kulipata, wala ofisi ya bima, wala Shangazi Mavis. "Nimekosea sasa, na nilikosea kisimani, na nilikosea zaidi kwenye simu."

"Na mimi ningekuambia kuhusu barua. Niliogopa." Idris alikunja ramani. "Utalitengeneza? Hili la namba kumi na tatu?"

"Hilo naliacha lilivyo," alisema Rowena, akamvuta ndani kwa mikono ya lile sweta. "Toa vidole kwenye ramani. Umeshachagua."