Mifupa ya Chuo Kikongwe

Ulianza wali. Bi Hamdiya alitia tonge la kwanza mdomoni akalirudisha sahanini, maana lilikuwa na ladha ya hospitali. Si ladha ya kuungua, wala ya samli iliyochacha. Ilikuwa ile harufu inayowasha macho, ya dawa wanayotia maiti zisioze.

"Bupe! Umepikia nini wali huu?"

"Kama siku zote, mama. Samli na iliki."

Mumewe, Daktari Amur, alikula mpaka akakomba sahani. Alisema kwa kucheka kwamba waliosomea udaktari pua zao zilikufa zamani.

Nyumba yao ilikuwa Al Khuwair, nyuma ya mawizara. Watoto walishaoa na kuolewa, wakabaki wao wawili na Bupe, binti wa Tukuyu aliyekuja Maskati kwa kazi za ndani. Bupe alikuwa mlokole, mpole, akipiga pasi huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Bi Hamdiya alimpenda. Ndiyo maana yaliyofuata yalimuuma hivyo.

Siku hizo Daktari alikuwa na shughuli. Chuo chake cha utabibu kule India, kilichojengwa enzi za Mwingereza, kilikuwa kinaadhimisha zaidi ya karne moja na nusu, na madaktari wa Kiomani waliosomea huko walimchagua yeye aeleze historia ya chuo mbele ya wageni. Akawa anakusanya kumbukumbu: picha za jengo lenye nguzo nene, koti lake la mwanafunzi, na sanduku la bati lililokaa miaka mingi katika nyumba ya marehemu baba yake, Darsait. Sanduku alilitia stoo, ubavuni mwa jiko. Ndani mlikuwa na mifupa ya kweli ya binadamu. Zamani zile kila mwanafunzi alijinunulia ya kujifunzia.

Mchana mmoja, baada ya chakula, saa ambayo Maskati nzima huteremsha mapazia na kulala, Bi Hamdiya aliamka na kiu akaenda jikoni. Mbele ya mlango wa stoo palikuwa na gilasi za maji, zimepangwa sakafuni kama za wageni. Bupe alikuwa amepiga magoti, anaongeza nyingine.

"Unamtilia nani maji?"

Bupe aligeuka taratibu. "Kuna mtu humo, mama," alinong'ona. "Kila mkilala mchana anaomba. Anasema pani, pani. Mimi siwezi kumnyima mtu maji."

Neno hilo la Kihindi, maji, kila mtu wa Maskati analijua, kwa kulisikia madukani. Bi Hamdiya, badala ya kuogopa, akakasirika. Alikwishasikia masimulizi ya majirani kuhusu wasichana wa kazi na uchawi wao. Akaingia chumba cha Bupe, akapindua godoro, akakuta kichupa cha mafuta.

"Hichi n'nini?"

"Mafuta ya maombi, mama. Mchungaji alinipa nilipoondoka nyumbani."

"Nnakulisha, nnakuvisha, kumbe unanifugia mashetani ndani ya nyumba yangu!"

"Mama, mimi sijui uchawi. Naapa kwa Mungu aliye hai."

Bi Hamdiya alimpigia simu wakala aliyemleta aje amchukue, akamwambia kwamba msichana ni mshirikina. Neno lile lilitangulia kila mlango ambao Bupe angebisha. Hakuna nyumba iliyomtaka tena. Mwisho akapandishwa ndege, akarudishwa kwao.

"Baba Sami," Bi Hamdiya alimuuliza mumewe jioni aliyosafirishwa Bupe, "nimemdhulumu?"

Daktari hakuinua macho kwenye picha zake. "Umefanya la kheri," alisema. Lakini picha aliyoishika ilikuwa juu chini, na mkewe aliiona.

Harufu haikuondoka na Bupe. Ilihamia kwenye mashuka, kwenye ubani, kwenye maji ya udhu. Na mchana mmoja, Daktari akiwa kliniki, Bi Hamdiya amejilaza na mashine ya baridi inanguruma, alisikia kifuniko cha bati kikiinuka kule stoo, polepole, kama mtu anayechelea kuamsha waliolala, kisha kitu kikavu kikagonga sakafu, kikagonga tena, kikaanza kuja ukumbini kwa mwendo wa mtu asiye na nyama za nyayo, na yeye anataka kusoma Ayatul Kursiy na aya haimjii, anataka kuinuka na miguu imekuwa ya mtu mwingine, na ile harufu imeingia puani ikashuka kooni ikamkausha, mpaka mlango wa chumba ukasukumwa na hapakuwa na mtu, na midomo yake mwenyewe ikafunguka, ikatoa sauti nzito ya kiume: "Pani."

Daktari aliporudi alimkuta ameketi jikoni, nguo zimerowa, anakunywa maji birika baada ya birika na kiu haikatiki.

Akaitwa Sheikh Khattab wa Sidab, mzee mkavu mwenye sauti ya chini, hodari wa kusomea wagonjwa. Alimfunika Bi Hamdiya shuka jeupe, akashika kichwa chake, akasoma. Alisoma mpaka jasho likamtiririka. Ndipo Bi Hamdiya akaanza kusema Kihindi, lugha asiyoijua.

"Anasema nini?" Sheikh alimuuliza Daktari.

Daktari Amur alijifunza Kihindi katika wodi za kile chuo. Alifasiri neno kwa neno. "Anasema, bwana wake aliitwa Ramzani, mchota maji. Alikufa wodini kwetu. Hakuja jamaa kumchukua, akapelekwa ukumbi wa kupasulia. Wakamchana, wakamchemsha, wakauza mifupa yake."

"Kisha?"

Daktari aligeuka kuutazama mlango wa stoo. "Anasema mimi niliandika namba kwa wino kwenye paji lake la uso."

"Na wewe ni nani, unayesema?" Sheikh aliuliza.

Jibu lilitoka kwa Kihindi, kama mtu aliyechoka. Sheikh akatikisa kichwa alipofasiriwa. "Maiti harudi, Daktari. Huyu ni qarini, jini aliyezaliwa pamoja naye. Mwenzake hajazikwa, naye hana pa kwenda. Mzikeni Muislamu huyu."

Alasiri ile ile walimzika Ramzani kwenye makaburi, sanda yake ndogo kama ya kitoto. Daktari alilia kaburini bila kujizuia. "Historia nzima nimeiandika," alimwambia mkewe garini. "Maprofesa wote nnawajua, tangu Mwingereza wa kwanza. Huyu ndiye aliyenifundisha mkono wa mtu ulivyo, na sikuwahi kuuliza jina lake."

Harufu ikakatika. Wali ukawa wali. Lakini Bi Hamdiya hakulala vizuri. Alimtafuta Bupe kwa wakala, kwa wasichana wenziwe, kwa waumini wa kanisa lake, na siku ya maadhimisho yenyewe, amekaa mstari wa mbele katika ukumbi wa hoteli, simu yake ikaita. Akatoka nje ya mlango kuipokea.

"Bupe, mwanangu, nisamehe. Nilikuzulia. Mie ndiye mwenye makosa."

Jogoo aliwika upande wa pili.

"Nimekusamehe, mama. Lakini kurudi sirudi."

"Yule mtu tumemzika. Keshaondoka."

"Na mtoto je?"

"Mtoto gani?"

"Walikuwa wawili, mama. Mmoja alikuwa anaomba maji. Mwingine alikuwa anaita ma, ma. Mimi nilidhani anakuita wewe."

Bi Hamdiya alirudi ukumbini. Mumewe alikuwa jukwaani, anaeleza jinsi chuo kilivyoanza kwa darasa moja na kitanda kimoja. Pembeni palikuwa na meza ya kumbukumbu. Akapita mbele ya picha, mbele ya koti, akasimama. Ndani ya kisanduku cha kioo, juu ya kipande cha mahameli, palikuwa na taya dogo lenye meno ya utotoni, na kadi iliyosema kuwa ni zawadi ya mwanafunzi bora wa anatomia.

Aliinua kioo. Akalichukua taya kwa mikono miwili, akalifunika kwa ncha ya shela yake. Wageni waligeuka. Jukwaani Daktari alinyamaza katikati ya sentensi.

"Mama Sami," alisema kwa sauti ndogo, kipaza sauti kikaisambaza ukumbi mzima, "hilo ni dogo. Nililitoa sandukuni kabla ya maziko, nikifikiri si kitu."

Mkewe alikwenda zake mpaka kwenye gari, akamwambia dereva aelekee makaburini. Dereva alipomtazama kwenye kioo alimwona amekaa wima, analia, mikono imezunguka kitu kisichoonekana. Mapajani pa Bi Hamdiya palikuwa pazito na pa moto, na kichwa kidogo kilikuwa kimemlalia kifuani, kinapumua.