Futa Diski Yote

Spika za ile kompyuta zilikuwa zimekufa, na fundi alishamwambia dada yake asahau habari za muziki. Kwa hiyo kicheko cha mtoto kilipotoka humo ndani, mchana kweupe, wote wawili waligeuka kutazama mlango.

Hakukuwa na mtu. Kompyuta ilikuwa ya binti wa huyo dada, waliyemzika kabla ya mvua. Fundi husifu Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kama mtu anayemtafutia ndugu yake mchumba, na dada alisema anataka kujifunza kwa ajili ya kazi yake ya ushonaji. Kisingizio tu. Alitaka kushika vitufe alivyovishika mwanawe. Fundi akachomeka flashi yenye Linux, akamwonyesha namna ya kuijaribu bila kugusa diski, maana rekodi zote za sauti ya marehemu zilikuwa humo.

Dada akaendelea na mazoezi peke yake. Kila akiiwasha, chumba kilinuka mafuta ya nywele ya binti yake, na sauti ikamwita, "Mama, njoo huku niliko," naye akaacha kula, akaacha kufungua madirisha, akaacha hata kujibu hodi, akakaa anaitikia tu, "Nakuja, mwanangu, nakuja."

Mganga aliyeitwa na fundi hakuvuka kizingiti.

"Huyo si mtoto wenu," alinong'ona. "Ni jini, kavaa sauti iliyomo humo. Ifuteni."

"Tukiinakili kwanza?" fundi aliuliza.

"Mtamnakili na yeye."

Fundi akaanza kuisakinisha Linux, akafika penye chaguo la kufuta diski yote, akamsogezea dada yake kompyuta. "Dada, bonyeza wewe. Mimi siwezi."

Akabonyeza. Usakinishaji ukaanza, na sauti ikalia, ikabembeleza, ikaahidi kuwa mtoto mzuri, ikauliza imekosa nini, ikazidi kuwa nyembamba, mpaka ikabaki feni peke yake.

"Ametoka," fundi alisema. "Pole, dada. Sasa kula kidogo."

Alikula ili ndugu yake aende. Kompyuta ilikuwa nyepesi, safi, haina kitu. Akaketi kitandani, akajaribu kuikumbuka sauti ya mwanawe, akaikosa. Kilichomjia ni kile kilio cha jini tu, na moyo ukampasuka.

"Rudi," alisema. "Rudi, hata kama si wewe."

Godoro likabonyea kando yake. Akajisogeza, akampisha.