Matela la Jeanine

Yaliyompata Emilienne, mwuza samaki wa soko la Kashikishi, majirani zake wa Nchelenge bado wanayasimulia kwa sauti ya chini. Ulikuwa mwaka wa tisini na nane, kiangazi, vita vimeanza tena ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Emilienne alikuwa amevuka kutoka Kilwa ya huko na kifurushi kimoja cha nguo, akapanga vyumba viwili nyuma ya duka la Mama Febby.

Alianza maisha kwa alichokipata. Sanduku la samaki alilipindua, likawa meza. Gunia la chumvi alilifua mpaka maandishi yakafifia, akalishona pazia. Mbabula, jiko la mkaa, alitengenezewa na fundi wa mabati, wakabadilishana kwa samaki wakavu. Kitanda tu ndicho kilichomshinda. Alilala kwenye mkeka, na baridi ya saruji ilimwingia mpaka mfupani.

Basi asubuhi moja boti ikamshushia mzigo. Ulitoka kwa Jeanine, jirani yake wa Kilwa, mwanamke waliyekuwa wakisaidiana moto na chumvi. Kulikuwa na kitanda cha mbao nzito, godoro nene la sponji, matela kama wanavyoliita Wakongo, viti viwili na kabati dogo la vyombo. Mwenye boti alikuwa na ujumbe pia.

"Jeanine anasema: Yaya, dada yangu, uniwekee. Nakuja na mama. Mugongo inamuuma, hawezi kulala chini."

Emilienne akavipanga vitu vizuri ukutani. Kesho yake akatandika shuka yake juu ya matela. "Lisipate vumbi," alimwambia Mama Febby. Akapata usingizi ambao hakuwa ameuonja tangu avuke.

Wiki ile upepo wa kusini ukalichafua ziwa. Boti iliyombeba Jeanine ilipinduka karibu na Kabuta. Wavuvi waliwaokoa wachache, mama yake akiwa mmoja wao. Jeanine hakuonekana tena, hata kitambaa chake cha kichwa. Emilienne alilia machozi ya kweli. Aliyalilia juu ya matela la marehemu.

Mama yake Jeanine, Mama Kabamba, alihifadhiwa kanisani, akilala sakafuni katikati ya mabenchi. Mchana mmoja akaja kwa Emilienne, ameinama, mkono kiunoni. Emilienne alisimama mlangoni, akakiziba chumba kwa mwili wake.

"Mutoto wangu," bibi alinong'ona, "Jeanine alisema alituma bintu kwako."

Jibu la haki lilikuwa pale pale mdomoni. Emilienne akaikumbuka saruji.

"Haikufika, Mama. Boti ya mizigo ilizama. Byote bilizama."

Mama Kabamba akainamisha kichwa. Kisha akamshukuru. Akamshukuru kwa kumlilia binti yake, akaondoka polepole, akishika ukuta wa duka.

Kesho yake Emilienne alirudi kutoka sokoni jua likiwa la utosi, akakuta matela limelowa. Akatazama bati: hakuna tundu. Mawingu? Mvua ilikuwa bado miezi. Akalikamua pembeni, likatoa maji meusi yenye harufu ya tope la ziwani. Akalikokota uani akamwita mwenye nyumba.

Mama Febby akalipapasa huku na huku. "Awe, mukwai, hapana. Hii ni kavu."

Kweli lilikuwa kavu. Walipolirudisha chumbani, likaanza kudondosha maji.

Siku zilizofuata viti viliota ukungu wa kijani miguuni, kama nguzo za gatini. Alipofungua kabati, kila bakuli lilikuwa limejaa maji hadi ukingoni. Ndani ya bakuli la juu, chisense mmoja, dagaa wa ziwa, alikuwa akizunguka. Mzima.

Akaacha kukipanda kitanda. Akarudi kwenye mkeka wake.

Mchana mmoja, wakati wote wako sokoni, alijinyoosha pale chini. Joto. Kimya. Mbao za kitanda zikalia, polepole, kama zinavyolia mtu anapokaa. Hakugeuka. Tone likaanguka kwenye saruji. Tone jingine. La tatu lilimwangukia shingoni, baridi.

"Yaya," sauti ikanong'ona. "Mama analala wapi?"

Emilienne alitoka bila viatu. Akawashika wabeba samaki wa baiskeli waliokuwa wakitoka gatini, akawasihi, wakapakia kila kitu. Kabla jua halijazama walikuwa kanisani. Akapiga magoti mbele ya bibi.

"Mama, nilikudanganya. Havikuzama. Nilivilalia."

Mama Kabamba aliweka kiganja juu ya matela. Lilikuwa kavu, lina joto, kama limeanikwa siku nzima. Akajilaza kwa shida, akanyoosha mgongo, akafumba macho.

"Mungu akusamehe," alisema mwishowe. "Mimi nitajaribu."

Emilienne alikaa chini karibu naye mpaka bibi alipolala. Hakupajua pa kupeleka mikono yake. Mwezi haukuisha akahamia Kafutuma, akalima mihogo, na wanasema hakuvuka maji tena, hata ya kijito.

Vyumba vile alivipanga mwalimu mmoja, Mable. Ndiye aliyemwita Mama Febby aje aone. Kwenye kuta zote nne kulikuwa na mstari wa maji, ulionyooka, juu kupita kizingiti cha juu cha mlango. Walipaka chokaa. Ikabanduka. Wakapaka tena.

Na juu ya mstari ule, pale palipobaki nafasi finyu chini ya bati, kulikuwa na alama za viganja vilivyolowa. Vingi. Vyote vimeelekea juu, kama vya abiria wanaotafuta pumzi.