Kipimajoto Chekundu cha Katunge

Siku ya soko mjini Machakos, dukani kwa Barni hapapitiki. Mama huyo Msomali anauza mabeseni, mikeka, na siku hizi vifaa vya samaki wa mapambo, na kila mteja anataka kuhudumiwa kabla ya mwenzake. Asubuhi hiyo kaunta yote ilikuwa imetekwa na Katunge, mwenye saluni ya karibu na stendi, ndani ya dera la manjano na hereni za shanga zinazogusa mabega. Alikuwa ametumbukiza vipimajoto vitano ndani ya beseni moja la maji.

"Madam, unapika supu?" sauti nzito ikauliza nyuma yake.

Katunge akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, viatu vinang'aa licha ya vumbi lote lile la soko. Alikuwa mzuri, na alijua.

"Nachagua themomita ya samaki. Maji ni moja, so zote zinafaa kusoma sawa. Ona, hizi tatu zinakubaliana. Hii imeruka juu, na hii imekufa kabisa."

"Na kama hizo tatu ndio zinadanganya?"

"Nikifika nyumbani naponda barafu, naongeza maji kidogo, nachovya. Isiposoma sufuri, Barni anarudishiwa leo leo."

"Basi nipime na mimi."

"Wewe hauhitaji barafu. Joto yako naiona kutoka hapa."

Barni alicheka mpaka akasahau kumrudishia mtu chenji. Kijana akajitambulisha: Muli, mpimaji wa ardhi. Aliondoka na nambari ya simu ya Katunge.

Mapenzi yakanoga haraka. Simu ilikuwa asubuhi, mchana na jioni. "Umekula, mwendwa wakwa?" Muli angeuliza, yaani mpenzi wangu kwa Kikamba. "Nimekula. Bosi pia amekula." Bosi alikuwa samaki wa Katunge, wa buluu, mwenye mapezi marefu kama shela, na wateja wa saluni walimpenda kuliko televisheni. Muli naye akaanza kupenda samaki, kwa sababu ukimpenda mtu unapenda na vyake.

Siku ya kuzaliwa ya Muli, Katunge alimnunulia tangi dogo la kioo, hita, na kipimajoto chekundu. Lakini siku hiyo alikuwa amemwacha bibi harusi kwenye kiti na nywele nusu, kwa hivyo alikikwapua rafuni kwa uzuri wa rangi tu, akakifunga kwa karatasi na busu juu. Beseni hapana, barafu hapana. Yeye, fundi wa kupima!

Mwezi wa saba baridi ya vilima vya Iveti ikashuka mjini, na mama yake Katunge akateguka mguu kule Mwala. Saluni ikafungwa, Katunge akaenda kumuuguza, Bosi akahamia kwa Muli. Isitoshe, wazee wa Muli walikuwa tayari kwenda kwa mama huyo na mbuzi wa ntheo, wale ambao kwa Wakamba ndio wanaofungua njia ya ndoa. Mbuzi wenyewe walishanunuliwa.

"Maji iko aje?" Katunge aliuliza kwa simu kila jioni.

"Ishirini na sita, vile ulisema. Ikipanda kidogo, napunguza hita."

"Na Bosi?"

"Amenyamaza. Nafikiri amekumisi."

"Wewe ndio umenimisi."

"Sijakataa."

Katunge aliporudi, alimkuta Bosi amelala chini ya tangi, madoadoa meupe yamemjaa kama chumvi. Akatia mkono ndani ya maji.

"Muli, hii maji ni baridi! Ulizima hita?"

"Haki sijazima. Angalia themomita, ishirini na sita."

"Mkono yangu haina wazimu."

"Labda themomita ndio..."

"Themomita nilikupa mimi? Sasa kosa ni yangu?" Macho yalimjaa machozi. "Samaki moja imekushinda, na unanidanganya usoni. Ambia wazee wako wasikuje."

Akamtia Bosi kwenye mtungi akaondoka. Simu za Muli hakuzipokea tena, na usiku alilia, kwa maana alimpenda kweli.

Muli naye alikasirika wiki mbili nzima, halafu akakumbuka ile barafu. Akaponda, akachovya kipimajoto chekundu. Kikasimama kwenye nne, kikakataa kushuka. Kumbe maji aliyodhani ni ishirini na sita yalikuwa ishirini na mbili tu. Angeweza kupiga picha, aitume, ashinde kesi. Hakuituma. Alibeba jagi la barafu na kile kipimajoto mpaka saluni, ambako kila kiti kilikuwa na mtu.

"Katunge, tuongee nje."

"Sema hapa."

"Basi nipee themomita yako."

Akavichovya vyote viwili. Cha Katunge kikashuka hadi sufuri. Chekundu kikabaki juu. Katunge alitazama, akaelewa. Wateja nao walikuwa wamesogea na rola zao kichwani.

"Aiya! Nani alikuuzia hiyo takataka?" mmoja akauliza.

"Nilijinunulia mwenyewe," Muli akajibu. "Nilipenda rangi."

Saluni nzima ikamcheka, naye akawaacha wacheke. Hapo Katunge akaweka kitana chini.

"Msimcheke. Ni mimi nilimnunulia, na sikuipima." Akamgeukia. "Si uliona Bosi amelala? Mbona hukuweka barafu mapema?"

"Ilitoka kwako. Ningeanzaje kuipima?"

Katunge akamkumbatia mbele ya wote, rangi ya nywele ikachafua lile shati jeupe. Kwenye tangi la saluni, Bosi, aliyekuwa amepona, alikuwa akizunguka kwa maringo.

"Na wale mbuzi?"

"Wako kwa ploti. Wamemaliza maua za landilodi."

Katunge akachukua simu. "Mama, Jumamosi upike. Wageni wanakuja."

"Wageni gani tena, Katunge?"

Akamtazama Muli, amesimama pale na jagi lake la barafu inayoyeyuka.

"Mume wangu, na watu wake."