Kifaa Kimoja Kiliharibika

Kihuishi kilipowashwa, uwanja wa kale ulijaa watu waliokufa karibu miaka elfu mbili iliyopita. Mtambo wenyewe ulikuwa mdogo kuliko sanduku la nguo. Ulimimina mwanga juu ya mawe, na ngazi zilizobomoka zikajaa mabwana wenye majoho, wauza maji na watoto waliobebwa mabegani. Wageni mia tatu waliokuja kuona majaribio ya mwisho wakapiga makofi.

Mhandisi Nyamizi Lugendo hakupiga. Picha zilikuwa kazi ya wengine. Yeye ndiye aliyekipa kihuishi Kiswahili chake, na alikuwa akisikiliza kila neno. Adhuhuri angetia saini, na mtambo ungeanza kuwafundisha wanafunzi wa bara zima.

"Uwanja huu wa duara ulijengwa na Warumi hapa kaskazini mwa Afrika," kilisema kihuishi, "kwa michezo ya kuua. Asemaye katikati husikika hadi safu ya mwisho bila kipaza sauti. Siku ya ufunguzi viliingizwa vifaa arobaini. Vilipewa uji wa shayiri. Jioni vilibaki kumi na kimoja."

Aliyeketi kando ya Nyamizi, mama wa makamo aliyejitambulisha kuwa ni Bi Mkejina wa Kisarawe, alimgusa mkono.

"Mwanangu, kifaa gani kinakula uji?"

"Labda kinawasifu wapiganaji, mama. Si unajua watu wa mpira wanavyosema timu imeshusha kifaa?"

Alicheka, lakini moyoni alijua anajidanganya. Kumbukumbu iliyosomwa na kihuishi ilikuwa ya mtunza ghala wa Kirumi, aliyewaorodhesha watumwa katikati ya kamba na mikuki. Na Nyamizi mwenyewe ndiye aliyeuwekea mtambo kanuni: fuata orodha, usibuni.

Bi Mkejina alisimama. "Wewe mtambo! Na hawa walioyapanga upya mawe haya?"

"Ukarabati ulitumia vifaa mia mbili na sita," kilijibu kwa upole uleule. "Kifaa namba themanini na nane kiliangukiwa na jiwe kwenye lango la mashariki. Kiliharibika, kikabadilishwa siku hiyohiyo."

Mama yule alifungua pindo la kanga, akatoa picha. Ilikuwa ya kijana aliyevaa vazi-nguvu, lile vazi la chuma linalomwezesha mtu mmoja kunyanyua tani nzima. Kifuani palichorwa namba 88.

"Mwinshehe wangu huyu, niliyemzaa. Miaka miwili naandika barua, naambiwa mtu wa jina hilo hajawahi kufika hapa. Wenzake ndio walioniambia kafia hapa; nimekuja nioneshwe mahali penyewe, basi. Njia ya mwongo fupi, mwanangu."

Nyamizi alishuka ngazi mbili mbili hadi kwenye meza ya mitambo, alipokaa Mkurugenzi Kihwelo, msimamizi wa mradi.

"Mmewaandika watu kwa namba za mavazi!"

"Kampuni ya ukarabati ndiyo iliyoandika. Sisi tumefuata orodha. Na kanuni hiyo ni yako, Mhandisi."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimchoma.

"Mtu akifa panafanyika uchunguzi," alisema. "Kifaa kikiharibika, kinaletwa kingine. Kumbe ndiyo hesabu yenu!"

"Punguza jazba. Ni sarufi tu. Kifaa kinachukua ki-."

"Kijana naye ana ki-, Mkurugenzi. Umewahi kusikia kijana kimekufa?"

Sarufi tu! Karani mmoja wa kale aliwachanganya watu na kamba, wa leo akawachanganya na mavazi ya chuma, na yeye Nyamizi, msomi wa watu, akaufundisha mtambo kuyasoma yote hayo kwa lafudhi tamu, tena kwa watoto wa shule! Alijionea aibu, na aibu ikageuka hasira. Akaivuta kibodi mbele ya Kihwelo, akaifuta kanuni yake, akaandika nyingine: Aliyekula uji na kuwa na mama ni mtu, ngeli yake a-wa. Mtu hatajwi kwa namba. Kama jina halimo, uliza.

Kihuishi kilianza upya.

"Siku ya ufunguzi waliingizwa watu arobaini. Walipewa uji wa shayiri. Jioni walibaki kumi na mmoja."

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Bi Mkejina alikuwa ameanza kuteremka kuelekea katikati ya uwanja, picha mkononi.

"Ukarabati ulifanywa na watu mia mbili na sita. Mmoja wao aliangukiwa na jiwe kwenye lango la mashariki, akafa. Jina lake halimo. Alikuwa akiitwa nani?"

Kihwelo akakata umeme. Warumi wote wakatoweka, yakabaki mawe na jua. Mkurugenzi akajifuta jasho, akaanza kuwaambia wageni kwamba ni hitilafu ndogo, watarejea baada ya chakula.

Lakini Bi Mkejina alikuwa ameshafika katikati. Hakupaza sauti.

"Mwinshehe," alisema. "Mwinshehe Pazi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili."

Wa safu ya mwisho kabisa walimsikia. Mmoja wao, mzee ambaye hakuna aliyemjua, akasimama, akauliza swali ambalo nalo lilishuka bila kipaza sauti hadi kwenye meza ya Kihwelo:

"Mmemzika wapi?"