Ila Mlango wa Kumi na Mbili

SAA TATU NA NUSU ASUBUHI, JUMAPILI

Nyuma ya duka la kinyozi mmoja wa Kayole, Odongo alichora milango arobaini sakafuni kwa chaki. Stoo za kukodisha kule mtaa wa Fedha, zote zikiangalia ua mmoja. Dhahabu ilikuwa namba kumi na mbili.

"Matheka anafungua zote na kompyuta. Akech anaingia, anatoa mifuko. Mimi niko kwa pikapu. Nikisema funga, zote zinafungwa, kesho wenyewe wakute kumetulia. Kuna swali?"

Akech alitikisa kichwa. Matheka hakuweza kumtazama usoni. Akech alifanana mno na marehemu kaka yake, Okumu.

Miezi mitano nyuma, walipoiba kwenye ghala la nyama, Odongo alisema kwa simu, "Okumu ametoka. Funga." Matheka akafunga. Kisha akasikia mtu akigonga kutoka ndani ya chumba cha baridi. Milango ile ikifungwa kwenye skrini, siku hiyo hufunguliwa tena kwa ufunguo wa meneja tu. Aliijua programu hiyo, aliiandika yeye alipoajiriwa na kampuni iliyoiweka pale na kule Fedha. Akech aliambiwa kaka yake alijifungia kwa bahati mbaya, akafa kwa baridi.

Tangu siku hiyo Matheka alisikia kugonga hata akinywa chai.

SAA TANO KASORO DAKIKA KUMI

Ibada katika makanisa ya jirani zilikuwa zimepamba moto. Mlinzi alikuwa chooni, amefungwa kamba. Matheka aliingia chumba cha mitambo, mlango ukajirudisha nyuma yake.

Vitufe vilijaa skrini, vyote sura moja, bila namba. Nani angebonyeza kimoja kimoja? Alikuwa ameandika kitanzi, agizo moja linalopita kitufe hadi kitufe, kama kikapu cha sadaka kinavyopita kanisani bila kuruka mtu. Ila kwenye kitanzi cha kufunga, jana yake, alikuwa ameongeza mstari wa siri: ruka kumi na mbili.

SAA TANO KAMILI

Milango ikafunguka. Kat, kat, kat.

SAA TANO NA DAKIKA SITA

"Funga," Odongo alisema kwa simu.

"Na Akech?"

"Ametoka. Funga, buda!"

Maneno yaleyale. Kwenye kamera, Akech alikuwa bado ndani, ameinamia mfuko wa pili. Matheka alibonyeza.

Pikapu iliondoka mbio na mfuko wa kwanza. Milango ikafungwa yote ila wa kumi na mbili, Akech akatoka mzima. Matheka alitaka kulia kwa furaha. Akashika kitasa cha mlango wake. Hakikusogea.

Kitufe cha arobaini na moja. Chumba cha mitambo. Alikiongeza mwenyewe wiki yake ya mwisho kazini, pembeni kabisa, akakisahau. Kitanzi hakikukisahau.

Akaanza kugonga.

"Matheka?" Akech alikuwa nje ya mlango. "Toka twende. Odongo ametuacha."

"Haufunguki mpaka meneja aje."

Akech akajaribu kitasa kwa nje. "Kama kule kwa nyama?"

Matheka angeweza kudanganya. Alichoka kudanganya.

"Okumu hakujifungia, Akech. Odongo alisema funga, nikafunga mimi. Nilimsikia akigonga."

"Kwa muda gani?"

"Sijui. Nilitoroka."

Akech aliachia kitasa. Nyayo zake zilivuka ua polepole, zikaishia getini. Matheka aliendelea kugonga.