Mikono ya Yara

Natacha alikuwa akikaanga ndizi nyumbani kwake Vårby gård, kitongoji cha Stockholm, Uswidi. Binti yake Yara, mwenye miaka minne, akamvuta sketi. Yara ni kiziwi. Alifungua na kufunga vidole viwili mdomoni, kisha akaonyesha dirishani.

"Mikono chini!" Natacha alisema, akaishika ile mikono midogo. "Una njaa? Sema kwa mdomo, mwanangu."

Yara akajitupa sakafuni akilia.

Jirani yao Wanjira, Mkenya anayefundisha lugha ya alama, aliingia kusalimia. Akapiga magoti, akamwuliza Yara kwa mikono. Yara akajibu haraka.

"Hana njaa," Wanjira alisema. "Anakuonyesha ndege."

Natacha akageuka. Kweli, ndege mweusi na mweupe alikuwa ametua dirishani. Moyo ukamwuma.

"Dada Wanjira, nilihofia akizoea ishara hatasema kamwe."

"Hofu hiyo ni ya zamani," Wanjira alisema. "Mwaka 1809 shule ya viziwi ilianzishwa hapa hapa Stockholm. Watoto walifundishwa kwa ishara, wakajua kusoma na kuandika. Lakini mwaka 1880 walimu wa nchi mbalimbali walikutana Milano, Italia. Wakaamua viziwi wafundishwe kwa mdomo."

"Viziwi wenyewe walisemaje?"

"Nani aliwauliza? Karibu wote waliopiga kura walikuwa wanasikia. Shule nyingi zikakataza ishara. Watoto wakahangaika kutamka maneno, masomo yakawapita. Ila mwalimu akigeuka tu, mikono ilizungumza!"

Natacha akacheka huku akifuta machozi. "Kumbe Milano ya nyumba hii ni mimi."

"Ishara hazimzuii kusema. Zinampa lugha, na mwenye lugha moja hujifunza ya pili."

Natacha na mumewe, Vénant, wakajiunga na darasa la wazazi. Vénant, dereva wa basi, alikuwa na vidole vizito. Siku moja alitaka kusema "nakupenda", akakosea alama, Yara akacheka hadi akaanguka. Hawakukata tamaa. Kilio kikapungua nyumbani, maswali yakaongezeka.

Jumamosi moja Natacha alikuta sahani ya keki ni tupu.

"Nani amekula?" akauliza kwa mikono.

Vénant akatazama dari. Yara akanyoosha mikono, akasema taratibu, alama baada ya alama: "Baba. Vipande vitatu. Alijificha bafuni."

"Ah, Mama Yara, nisikilize..." Vénant akaanza.

"Nyamaza," Natacha alimjibu kwa mikono, akicheka. "Shahidi ameshasema."